Sultani wa Nkonde

Sisi watu wa pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa hatukuzaliwa na neno "sultani". Tulikuwa na malafyale, tena wengi, kila mmoja na nchi yake ndogo ambayo mtu mwenye miguu mizuri angeweza kuivuka kabla ya jua la saa sita. Walipokuja Wajerumani, makarani wao hawakutaka kujisumbua. Kila mtawala waliyemkuta bara walimwandika katika madaftari yao kuwa Sultani, awe na watu elfu hamsini au awe na vijiji vitano. Kwa hiyo wapo wazee wa hapa Kyela ambao babu zao waliingia katika karatasi za Kijerumani na cheo ambacho wenyewe hawakujua kwamba wanacho.

Lakini kabla ya Wajerumani yuko mtu mmoja aliyejipa cheo hicho kwa kinywa chake mwenyewe. Hakuwa Zanzibar wala Muscat. Alikuwa hapo ng'ambo ya mto Songwe, karibu na Karonga, mahali ambapo mtu akipanda gari Kasumulu asubuhi anafika bila hata kuhisi njaa. Mwaka ulikuwa 1887, na jina lake lilikuwa Mlozi bin Kazbadema. Alijiita Sultani wa Nkonde, yaani mtawala wa ndugu zetu Wangonde.

Jina lenyewe humfanya msomaji atulie kidogo. Katika Kiswahili mlozi ni mti uzaao lozi, na mlozi pia ni mchawi. Kwetu Unyakyusa mchawi ni undosi, na wachawi ni abalosi. Sijui wazazi wake walikusudia mti au walikusudia nini, lakini waliomsikia huku kwetu bila shaka hawakuufikiria mti.

Ili tuelewe alichokifanya, inatupasa kwanza tuitazame nchi aliyoingia. Wangonde na Wanyakyusa ni watu wa asili moja. Lugha zao zinasikilizana, migomba yao ni ile ile, na masimulizi ya pande zote mbili yanawaleta watawala wa kale kutoka milima ya Ukinga, ile mirefu inayoitwa Livingstone. Huku kwetu tulibaki na wakuu wengi wadogo, na Lwembe wa Lubaga aliheshimiwa kwa mambo ya mvua na ibada kuliko kwa amri. Kule Ungonde alikuwapo mmoja mkubwa, Kyungu, aliyekaa katika kilima cha Mbande. Kyungu hakuwa mtu wa kuonekana ovyo. Alifichwa, kwa kuwa afya yake ilihesabiwa kuwa ndiyo afya ya nchi. Na wazee wanasimulia kwamba zamani alipougua sana, wakuu waliomzunguka walimziba pumzi ili nchi isiugue pamoja naye. Nguvu yake ilikuwa katika mizimu, katika wakuu hao waliomweka na waliomwondoa, na katika pembe za ndovu alizozigawa kwa kubadilishana na vitu vya mbali. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita pande zetu mwaka 1879, aliisifu sana nchi hii kwa vijiji vyake safi vilivyofunikwa na migomba. Nchi ya namna hiyo, yenye chakula na yenye watu wengi wasio na bunduki, haikukosa kutamaniwa.

Mlozi alifika Karonga mwanzoni mwa miaka ya 1880. Waingereza walimwita Mwarabu, na vita walivyopigana naye waliviita vita vya Waarabu, lakini yeye na wenzake wengi walikuwa watu wa mwambao, Waswahili na wangwana, waliovaa kanzu na kusema lugha hii hii ninayoiandika. Walikuja kwa ajili ya pembe zilizotoka nchi ya Wasenga, katika bonde la Luangwa upande wa magharibi. Pembe hazitembei zenyewe. Zilibebwa na watu, na wengi wa watu hao walipofika pwani waliuzwa pamoja na mzigo. Sultani Barghash alikuwa ametia sahihi mkataba mwezi Juni 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la Zanzibar. Lakini mkataba ule ulikuwa wa bahari, na Karonga iko mbali na bahari.

Mwaka 1884 kampuni moja ya Waskoti, African Lakes Company, ile ambayo watu waliiita Mandala kwa sababu ya miwani ya John Moir, ilifungua duka Karonga. Wenye kampuni walikuwa wacha Mungu, nao walisema kwamba biashara halali ndiyo itakayoiua biashara ya watumwa. Hayo ndiyo tuliyosoma. Jambo ambalo halikusisitizwa katika vitabu tulivyosomea ni kwamba kampuni hiyo ilinunua pembe kutoka kwa Mlozi na wenzake. Pembe zilizobebwa na watumwa zilipokelewa mlangoni na mtu aliyeuchukia utumwa, zikapimwa, zikalipiwa kwa nguo na shanga. Tena kampuni ilikuwa na mtaji mdogo na vyombo vichache, na malipo yalichelewa. Wafanyabiashara waliongoja malipo hawakukaa bure. Walijenga. Mlozi alijijengea boma huko Mpata, na wenzake wawili, Kopa Kopa na Msalema, wakajenga yao karibu na njia iliyokuwa ikikatwa kutoka Karonga kuelekea Ziwa Tanganyika. Yalikuwa maboma ya miti safu mbili, katikati kumeshindiliwa udongo. Mgeni anayengoja deni lake hajengi ukuta wa namna hiyo.

Katikati ya mwaka 1887 ukazuka ugomvi kati ya watu wa maboma na Wangonde, watu wakauawa, na rugaruga wa Mlozi wakaanza kuchoma vijiji. Wangonde wengi walikimbilia karibu na duka la kampuni, wakijua kwamba Mzungu ana bunduki. Mwezi Oktoba walishambuliwa kwenye rasi ya maji ya Kambwe, kaskazini kidogo ya Karonga. Walijificha ndani ya matete. Matete yakatiwa moto. Waliokimbia moto waliingia majini, na majini walikuwamo mamba. Monteith Fotheringham, mtu wa kampuni, alikuwa karibu na ndiye aliyeyaandika hayo baadaye katika kitabu chake. Ni katika siku hizo hizo Mlozi alipotangaza kwamba yeye sasa ndiye Sultani wa Nkonde.

Hebu tulifikirie jambo hilo. Mwaka mmoja kabla, mwezi Novemba 1886, Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakaamua kwamba Sultani wa kweli, yule wa Zanzibar, aachiwe ukanda wa maili kumi tu wa pwani. Bara yote ambayo wafanyabiashara wake walijigamba kwamba inacheza wakati filimbi inapopigwa Zanzibar, ikagawanywa bila yeye kuulizwa. Barghash mwenyewe alifariki Machi 1888. Kwa hiyo wakati ule ule ambapo usultani wa kweli ulikuwa unakatwa kama nguo, fundi wa biashara huku ziwani alijishonea wake. Sidhani kwamba hiyo ilikuwa bahati tu. Watu wa mwambao waliokuwa bara waliona kwamba mwenye nchi yao anaishiwa, na Wazungu wanakuja, na asiyeishika ardhi atabaki mpangaji.

Lakini usultani unahitaji watu wanaosema ndiyo. Huko Nkhotakota, kusini zaidi katika ziwa hili hili, alikuwapo Jumbe, naye pia alikuwa mtu wa pwani na muuza watumwa. Hata hivyo ukoo wa Jumbe ulikaa pale karibu nusu karne, ukalima mpunga, ukaoa, ukaleta walimu wa dini, na watu waliokimbia vita walikwenda kwake kutafuta hifadhi. Simsifu, ila naona tofauti. Kwa Jumbe watu walikimbilia. Kwa Mlozi watu walikimbia. Hakuna mkuu wa Wangonde aliyemweka, hakuna mzimu aliotambikia, wala mtoto wa Ungonde aliyemtaja kuwa baba wa nchi. Enzi yake yote ilikuwa ndani ya ule ukuta wa miti na udongo, na ilifika mahali risasi ya gobori inapofika.

Mwezi Novemba 1887 aliizingira Karonga. Wazungu wachache na Wangonde waliokuwa pamoja nao walishikilia kwa siku kadhaa, na mwokozi wao hakutoka Uskoti. Alitoka huku. Wapiganaji wa Kinyakyusa, wale ambao Waingereza waliwaandika Wamwamba, watu wa juu, walishuka kwa wingi wakavuka Songwe, na watu wa Mlozi walipowaona wakaondoka. Jambo hili huwa nalisema kwa sauti darasani, kwa kuwa katika vitabu vingi limepewa sentensi moja, na katika vingine halimo kabisa. Wangonde waliopoteza nyumba walipokelewa upande wetu. Bibi yangu aliyenilea alikuwa akizitaja koo za hapa na kusema hawa walikuja wakati wa moto. Akiishia hapo, na sisi watoto hatukuuliza moto gani.

Mwaka uliofuata alikuja Kapteni Frederick Lugard, kijana wa jeshi la India aliyekuwa anatafuta mahali pa kusahau huzuni zake. Tarehe 16 Juni 1888 aliwaongoza watu kulivamia boma la Kopa Kopa. Alipigwa risasi iliyopita mikononi na kifuani, na uvamizi ukashindwa. Huyu ndiye Lugard ambaye baadaye alitawala Nigeria, na mwaka 1922 akawafundisha Waingereza wenzake kwa kitabu jinsi ya kuwatawala Waafrika kupitia machifu wao. Somo lake la kwanza juu ya Afrika alilipata chini ya ukuta wa mtu wa mwambao, na ukuta ulimshinda. Mwanzoni mwa 1889 waliletewa mzinga mdogo. Makombora yake yalipenya katika miti na udongo bila kuubomoa ukuta.

Basi ikabidi wapatane. Mwezi Oktoba 1889 Harry Johnston, balozi wa Kiingereza, alifika Karonga akafanya mkataba na Mlozi. Hapa ndipo pananisumbua zaidi ya mahali pengine pote katika habari hii. Mtu aliyeelezwa kwa Uingereza nzima kuwa mnyama wa Kambwe, alikaa mkekani na mwakilishi wa Malkia, wakatia sahihi. Wangonde waliruhusiwa kurudi. Mlozi alibaki katika boma lake. Akaishi hivyo miaka sita, akipokea misafara na kuipeleka, huku Johnston akipambana kwanza na wakuu wa Wayao kusini ya ziwa, kwa sababu askari wake hawakutosha kwa yote. Ikiwa ulikuwapo utawala wa Sultani wa Nkonde unaostahili kuitwa utawala, ni miaka hiyo sita, na ulikuwa kwa ruhusa ya waliosema kwamba hautakiwi.

Katika miaka hiyo mambo mengine yaliamuliwa. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani walikubaliana mipaka, na Songwe, mto ambao watu wetu walikuwa wakiuvuka kwenda kuposa, ukawa mwisho wa nchi moja na mwanzo wa nyingine. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na wale wa Berlin mwaka huo huo. Mwaka 1893 Wajerumani waliingiza majini meli yao, Hermann von Wissmann, iliyochangiwa fedha huko kwao kwa ajili ya kupiga vita utumwa.

Niliwahi kufundisha somo hili kwa wanachuo wa ualimu, nikiwa bado nina nguvu za kusimama vipindi vinne mfululizo. Sisi tulioanza kazi katika miaka ya sabini tulikuwa na orodha yetu ubaoni: Abushiri wa Pangani aliyenyongwa Desemba 1889, Mkwawa aliyejiua 1898 asikamatwe, Kinjikitile wa Ngarambe. Mwanachuo mmoja, kijana wa Karonga aliyelelewa na mjomba wake upande huu, alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, Mlozi naye alipigana na Waingereza miaka minane, akanyongwa nao. Mbona hayumo?" Darasa lilicheka, lakini lilikuwa swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa. Maana ukichukua kipimo tulichokuwa tunakitumia, yaani aliyemkataa Mzungu kwa silaha, Mlozi anaingia. Abushiri naye alikuwa na mashamba na watumwa. Mkwawa naye alivamia majirani, waulize Wasangu.

Nilimjibu kwamba kwangu mimi swali la kwanza si mtu alipigana na nani, bali alipigana kwa ajili ya nani. Watu wa Uhehe walikufa wakimficha Mkwawa miaka minne. Mlozi alipotafutwa, watu wa nchi aliyojiita sultani wake walikuja kumwangalia akitolewa. Yule kijana hakuridhika sana. Alisema, "Lakini hayo tumeambiwa na waliomtoa." Nami ilinibidi nimkubalie hilo, kwa sababu ni kweli. Tippu Tip aliusimulia maisha yake kwa Kiswahili, yakaandikwa, na leo tunaweza kubishana naye ukurasa kwa ukurasa. Mlozi hakuacha hata barua moja ambayo nimeisoma. Fotheringham alikuwa na duka la kulinda, Lugard alikuwa na jina la kujenga, Johnston alikuwa na nchi ya kuipata. Hata habari kwamba alijiita Sultani imetufikia kwa kalamu ya hao. Naiamini, kwa kuwa inalingana na kuta alizojenga. Ila naiamini nikijua nimeipokea kutoka mkono gani.

Mwisho wake ulikuja Desemba 1895. Johnston, ambaye sasa alikuwa Kamishna, alipanda ziwa na askari mia kadhaa, Masingasinga kutoka India pamoja na askari Waafrika, na mizinga iliyo bora kuliko ule wa 1889. Sehemu ya safari ile ilifanywa kwa meli ya Wajerumani, ile Hermann von Wissmann. Mataifa mawili ambayo miaka kumi na tisa baadaye yangepigana katika maji haya haya, siku zile yaliazimana vyombo. Boma la Mpata lilipigwa kwa mizinga katika mvua, kisha likavamiwa. Watu wengi waliuawa, na si wapiganaji peke yao. Sultani hakuonekana. Ilidhaniwa ametoroka, mpaka sajini mmoja Mtonga aliposikia sauti chini ya sakafu ya nyumba. Chini ya kitanda palikuwa na shimo, na shimoni alikuwamo Mlozi aliyejeruhiwa.

Alihukumiwa mara moja. Johnston aliwakusanya wakuu wa Wangonde wakae baraza, wakamwona Mlozi ana hatia ya kuwaua watu wao, na akanyongwa. Kwenye karatasi ilikuwa hukumu ya wenyeji. Mimi nimeutafakari ubaraza ule mara nyingi. Kwa upande mmoja, nani duniani alikuwa na haki ya kumhukumu kuliko watu wa Kambwe? Walikuwa wamengoja miaka minane. Kwa upande mwingine, kiti alichokalia Johnston kilikuwa nyuma yao, na bunduki zilikuwa za Johnston, na kamba pia. Wakuu wale waliambiwa siku ile kwamba wao ndio mahakama. Sijasoma mahali popote kwamba waliulizwa tena jambo kubwa namna hiyo, wala walipotozwa kodi ya kibanda, wala vijana wao walipoanza kwenda migodini kusini.

Kyungu alibaki Ungonde. Katika miaka ya 1930 Waingereza, kwa kufuata fundisho la yule yule Lugard, walimpa madaraka ya serikali ya wenyeji, na cheo chake kipo hata leo. Cheo cha Sultani wa Nkonde hakikuombwa na mtu mwingine.

Waliotolewa ndani ya boma walikuwa mamia, wengi wakiwa wanawake na watoto, wa makabila ya mbali magharibi. Katika habari zote nilizosoma wamehesabiwa kwa jumla. Fotheringham anao jina, sajini anao jina, meli inalo jina, na mzinga umeelezwa ukubwa wake. Hao hawana. Kwao kulikuwa Usenga na kwingineko, safari ya majuma mengi kwa miguu, na njia ya kurudi ilikuwa ni ile ile waliyoletewa. Baadhi lazima walibaki kando ya ziwa, wakalima, wakazaa. Nikipita sokoni Kasumulu siku ya mnada, nikaona jinsi watu walivyochanganyika, mara nyingine huwaza ni nani kati yetu ana bibi aliyetoka mle.